Kichwa Kikigoma, Usianze na Mota

Jamaa mmoja aliniletea kichwa cha treni amekifunga kwenye soksi. Ni mtu wa Tanga, siku hizi anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu hapa Hamburg, na kichwa chenyewe, dizeli ndogo nyekundu ya kutoshea kiganjani, alikuwa amemnunulia mwanawe kwenye soko la mitumba. Kilikimbia siku mbili sebuleni, siku ya tatu kikaanza kusitasita, kisha kikazima. "Mota imeungua, kaka," akaniambia kabla hata hajaketi. Nikakigeuza tumbo juu, nikavaa miwani. Kwenye ekseli ya pili, kati ya gurudumu na gia, kulikuwa na nyuzi za zulia na unywele mmoja mrefu, vimejisokota kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Kibano, wembe, dakika kumi. Mota haikuwa na kosa lolote.

Vichwa vinavyofika mezani kwangu karibu vyote vina hadithi ya namna hiyo. Mwenyewe anailaumu mota kwa sababu ndiyo aijuayo, nami nikifungua naikuta nzima, ila umeme hauifikii au kuna kitu kinachoishika isizunguke. Kwa hiyo ukaguzi wangu huanzia chini kwenda juu: reli, magurudumu, vibati vinavyopokea umeme, gia, na mota mwishoni kabisa. Anayeanza na mota huishia kufungua kitu kisicho na ubovu, na wakati wa kukifunga ndipo anapokiharibu.

Nitazungumzia zaidi HO, yaani skeli ya 1:87 inayotembea kwenye njia ya upana wa milimita 16.5, kwa kuwa ndiyo iliyojaa huku Ulaya bara na Marekani. Aliye Uingereza huenda ana OO: njia ni hiyohiyo, ila treni imekuzwa kidogo, 1:76. Wenye N, 1:160 kwenye njia ya milimita 9, watumie ushauri uleule kwa uangalifu zaidi, maana kichwa kikiwa kidogo na chepesi, uchafu kidogo tu unakitesa.

Fuata safari ya umeme kwa kidole. Volti 12 zinatoka kwenye kontrola, zinapita kwenye reli moja, zinapanda gurudumu la upande huo, zinachukuliwa na kibati chembamba cha shaba kinachosugua mgongo wa gurudumu, zinaingia kwenye mota, kisha zinashuka upande wa pili kurudi kwenye reli nyingine. Mahali gurudumu linapogusa reli ni padogo kuliko kichwa cha pini, na hapo ndipo treni yako yote inaponing'inia. Gurudumu likipoteza mgusano kwa kitambo kisichohesabika, cheche inaruka. Cheche hiyo inaunguza mafuta, vumbi na chembe za chuma, na masizi yake yanaganda palepale. Ule weusi unaobaki kwenye kidole ukikipitisha juu ya reli ndio huo. Siyo vumbi tu la nyumba.

Wenye Märklin ya kizamani na ya sasa ya HO wana mpango wao. Kampuni hiyo ya Göppingen, iliyoanza mwaka 1859, inatumia vichomozo vya chuma katikati ya mataruma, na chini ya kichwa kuna kibati kirefu kama mtumbwi kinachovisugua. Reli zote mbili pamoja ndizo njia ya kurudi. Kwao, kitu cha kwanza kutazama ni huo mtumbwi. Ukiwa umelika hadi una mfereji, au umepinda upande, badilisha.

Sasa, reli. Watu wengi hukimbilia msasa, na kwa siku mbili wanafurahi. Wiki ya pili uchafu umerudi, tena maradufu, kwa sababu mikwaruzo ya msasa imekuwa mitaro ya kuuhifadhi. Msasa uuache kwa fundi seremala. Chukua kipande cha fulana kuukuu isiyotoa nyuzi, kifunge kwenye kibao kidogo, kiloweshe kwa spiriti ya isopropili inayouzwa duka la dawa, usugue mpaka kitambaa kitoke cheupe. Siku hizi wapo wengi waliohamia kwenye tapentaini ya madini, ile ya kuoshea brashi za rangi, kwa hoja kwamba isopropili inaacha hali inayorahisisha cheche na hivyo weusi unarudi mapema. Mimi nimehamia huko pia na sijajuta. Vyote viwili vinashika moto, kwa hiyo kontrola izimwe, dirisha liwe wazi, na mtoto asiwe na chupa mkononi. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usiilete kabisa karibu na treni. Inayeyusha plastiki ukiwa unaitazama.

Jambo moja kuhusu reli zenyewe. Nyingi za sasa ni za kile kiitwacho nikeli silva, jina la kudanganya, maana hakuna fedha hata punje, ni shaba, nikeli na zinki. Ikichafuka haichelewi kusafishika. Seti za zamani za bei rahisi zilikuwa na reli za chuma, na chuma kinashika kutu. Kama unampelekea mpwa wako seti Mombasa au Unguja, jaribu reli kwa sumaku kabla ya kulipa: ikinata, ni chuma, na hewa ya chumvi itaila kabla mtoto hajamaliza darasa.

Reli safi na magurudumu machafu ni kazi bure; kichwa kitaipaka reli upya ndani ya mizunguko michache. Hapa kuna njia ambayo ningependa uione kwa macho. Kata karatasi ya jikoni upana wa vidole vitatu, ilaze juu ya reli zote mbili, idondoshee spiriti mpaka iwe na unyevu tu, isichuruzike. Simamisha kichwa hivi: magurudumu ya mbele yawe juu ya karatasi, ya nyuma yawe kwenye reli tupu. Kishike kwa vidole viwili, ongeza umeme taratibu. Magurudumu ya nyuma yanapokea umeme, ya mbele yanazunguka palepale yakijisugua kwenye karatasi. Baada ya sekunde kumi, kinyanyue. Utakuta mistari miwili myeusi kama ya wanja. Sogeza karatasi mahali safi, rudia, mpaka mistari ianze kufifia, kisha geuza kichwa ufanye upande wa pili. Kwa garimoshi la mvuke ambalo umeme wake unapitia kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma yake, itabidi usafishe magurudumu ya tenda kwa kijiti cha pamba, maana hayajizungushi yenyewe. Kumbuka kwamba hapo kuna cheche na spiriti pamoja. Ndiyo maana nimesema unyevu tu.

Ukishasafisha na bado kinasitasita, tazama vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu. Mara nyingi kimoja kimejikunja au kimeshikwa na unyoya wa vumbi, hakigusi tena. Kirudishe kwa kijiti cha meno, kidogo kidogo. Kiguse, kisikandamize, la sivyo kitakuwa breki. Mita ya umeme ya bei ya chini kabisa inakutosha: iweke kwenye mlio, ncha moja kwenye gurudumu, nyingine kwenye waya wa mota, upite gurudumu moja moja. Lile lenye pete ya mpira ya kuzuia kuteleza halitalia, na si kosa. Mpira haupitishi umeme.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mafuta, na hapa nina la kuungama.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa garimoshi la mvuke la Kijerumani, jeusi, magurudumu mekundu, nililolipata kwenye sanduku la vikorokoro. Lilikuwa zito kuzunguka. Nikasema, hili lina kiu. Nikachukua kopo la mafuta ya baiskeli nikalimiminia kwenye kila tundu nililoliona, kama mtu anayemwagilia mchicha. Kweli likakimbia! Likakimbia robo saa hivi. Kisha likaanza kunuka, likapunguza mwendo, na mota ikawa ya moto isiyoshikika. Mafuta yalikuwa yamepanda hadi kwenye komuteta, ile pete ya shaba iliyokatwa vipande ambayo brashi za kaboni zinaisugua, yakachanganyika na unga wa kaboni, yakawa tope jeusi lililojaa kwenye mianya. Tope la kaboni linapitisha umeme pasipotakiwa. Mengine yalishuka kwenye magurudumu, magurudumu yakaipaka njia nzima, na mabehewa yote yakalamba. Nilisafisha wiki nzima.

Tangu siku hiyo napaka mafuta kwa sindano ya kushonea. Chovya ncha, gusa mahali, basi. Tone linaloning'inia kwenye sindano tayari ni jingi mno. Panapohitaji mafuta mepesi ni miisho ya ekseli na pale mhimili wa mota unapotoka kwenye nyumba yake, mbele na nyuma. Gia zinataka grisi nyepesi, hasa ile gia yenye umbo la skrubu iliyo kwenye mhimili wa mota: paka kiasi cha punje ya mchele, zungusha, itajieneza yenyewe kwa nyingine. Brashi na komuteta hazitaki chochote. Nunua mafuta yaliyoandikwa kwamba hayadhuru plastiki; yapo yanayoipasua taratibu, na hutajua mpaka mwaka umepita. Mafuta ya kupikia usifikirie, yanaganda yakawa gundi. Kuna aliyejaribu ya nazi. Kwenye baridi ya Januari huku, unajua mwenyewe mafuta ya nazi yanavyokuwa kwenye chupa.

Vichwa vilivyokaa kabatini miaka kumi au ishirini vina tatizo la kinyume: grisi ya kiwandani imekauka ikawa kama nta ya mshumaa. Mota inavuma lakini magurudumu yanagoma, au yanazunguka kwa shida na kula umeme mwingi. Kuongeza mafuta juu ya nta hiyo hakusaidii. Fungua kifuniko cha chini, kwangua grisi hiyo kwa kijiti cha meno, osha gia kwa isopropili, acha zikauke, ndipo upake upya. Isopropili isiguse ganda lililopakwa rangi, kwani wanaobandua rangi kwenye vichwa hivi hutumia hiyohiyo.

Sikiliza pia. Kichwa kinachotoa tik, tik, tik kwa mpigo mmoja na mzunguko wa gurudumu, huku kikirukaruka kidogo, karibu hakika kina gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Gia hizo zilipachikwa kwa kubana, na plastiki ikizeeka inachoka kubanwa. Ufa ni mwembamba kama unywele. Tafuta meno mawili yaliyoachana kuliko wenzao. Gundi haitashika kwenye plastiki ya aina hiyo, hata ile kali. Agiza gia mpya.

Kwa garimoshi la mvuke linalokwama mahali palepale kila mzunguko, kosa huwa kwenye mikono, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu nje. Kwenye garimoshi la kweli lenye silinda mbili, vishikio vya upande wa kulia na kushoto vimepishana robo ya duara, ili upande mmoja ukiwa umekwama mwisho wa mwendo wake, mwingine uwe katikati unasukuma. Modeli imefuata. Gurudumu moja likijizungusha kidogo tu kwenye ekseli yake, robo inaharibika na mikono inavutana. Wakati ukiwa hapo pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kwenye HO ni milimita 14.4 hivi. Kichwa kinachoruka reli kila kikifika kwenye njiapanda, mara nyingi kimepungukiwa au kimezidishiwa hapo.

Mota yenyewe nitaipitia haraka. Ikiwa ni ya kopo lililofungwa, usiifungue, ikifa, badilisha. Ikiwa ya zamani yenye brashi zinazoonekana, zitoe uangalie urefu wake, safisha komuteta kwa kijiti cha pamba chenye isopropili, pitisha kijiti cha meno kwenye mianya. Lakini usiichomoe rota, ile sehemu inayozunguka, kutoka katikati ya sumaku kwa udadisi tu. Sumaku za zamani za alniko hupungua nguvu rota ikitolewa pasipo kipande cha chuma cha kuziba pengo, na mota itakayorudi itakuwa dhaifu kuliko uliyoitoa.

Malalamiko mengine yanayonifikia ni ya nguvu: kichwa ni kizima, safi, ila hakipandi mlima. Hapo siyo ubovu, ni hesabu. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma yanaweza kuvuta takriban robo ya uzito unaoyakandamiza. Chukua kichwa cha gramu 350 kinachoendeshwa na magurudumu yote: uwezo wake ni gramu 85 au 90. Kifungie mabehewa 15 ya gramu 110 kila moja, jumla gramu 1,650. Kwenye tambarare mabehewa mazuri yanadai gramu 40 hivi, hakuna shida. Weka mlima wa asilimia 2, yaani sentimita mbili kwa kila mita. Mlima unadai asilimia 2 ya uzito wa mabehewa na wa kichwa chenyewe, gramu 40 nyingine. Umefika 80. Ongeza mabehewa mawili, magurudumu yanaanza kuteleza papo hapo.

Waliokulia kandokando ya reli ya Mombasa hadi Nairobi hawahitaji kuelezwa habari za mlima. Garratt za daraja la 59, magarimoshi ya mvuke ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilizoanza kufika mwaka 1955 kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima, zilikuwa na tani 252 kila moja. Moja, Mount Gelai, ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Siku moja nilijiuliza ingekuwa na uzito gani kwenye HO. Urefu unagawanywa kwa 87, lakini uzito unagawanywa kwa 87 mara 87 mara 87, yaani 658,503. Jibu ni chini kidogo ya gramu 400. Lile dude lililotikisa ardhi lingekuwa na uzito wa modeli ya kawaida iliyo kabatini kwako, na modeli yako haina mchanga wa kujipulizia kwenye reli.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu kichwa, kagua mabehewa. Egemeza ubao wenye kipande cha reli, sentimita mbili na nusu juu kwa mita moja, uweke behewa moja moja. Lisiloanza kuteremka lenyewe lina ekseli nzito. Safisha, au badilisha magurudumu ya plastiki uweke ya chuma. Ukishatoa mawili matatu yaliyokuwa yanaburuta, utashangaa. Nafasi ikiwepo ndani ya ganda, ongeza risasi kidogo juu ya magurudumu yanayoendesha, ukijua kwamba mota inabeba hilo pia. Pete za mpira zinasaidia sana kwenye mlima, lakini kila pete ni gurudumu moja lililoacha kupokea umeme, na mpira mzee unamenyuka na kuacha gundi kwenye reli. Mimi nazivumilia, sizipendi.

Wenye mfumo wa dijitali, DCC, ule uliotokana na kazi ya Mjerumani Bernd Lenz na kukubaliwa na chama cha wapenzi wa modeli cha Marekani, NMRA, miaka ya 1990, wana faida na mitego yao. Kabla ya kupachika dikoda, kile kibao cha elektroniki kinachopokea amri za kontrola, kwenye kichwa cha zamani, pima mota inakula umeme kiasi gani ikiwa imeshikwa isizunguke kwenye volti 12, kwa sekunde moja au mbili tu. Dikoda nyingi za HO zinabeba ampea moja. Mota ikidai zaidi, utaiunguza dikoda. Hakikisha pia brashi zote mbili hazigusi mwili wa kichwa. Kichwa kipya kisichojibu, jaribu namba 3, ndiyo anwani wanayotoka nayo kiwandani. Na usikiache kichwa kisicho na dikoda kimesimama kwenye njia ya dijitali: kinavuma, kinapata joto, na mota zisizo na chuma ndani ya koili zinaweza kuungua. Kapasita ya kuhifadhi umeme ndani ya kichwa ni kitu kizuri, inakivusha kwenye madoa machafu, ila isikufanye usahau kitambaa cha fulana.

Ukinunua mitumba, omba kugeuza kichwa tumbo juu kabla ya kuuliza bei. Zungusha gurudumu kwa kidole kama gia zinaruhusu, nusa kama kuna harufu ya kuungua, chunguza mwili wa chuma. Vichwa vya kabla na baada kidogo ya Vita vya Pili vya Dunia huweza kuwa na ugonjwa wa zinki: aloi iliyochanganywa vibaya inavimba na kupasuka kama tope lililokauka. Hauna dawa. Ukiona nyufa za namna hiyo, rudisha mezani. Sponji iliyooza ndani ya boksi itupe siku hiyohiyo, inakula rangi.

Kipimo changu cha mwisho ni saa ya mkononi na mita moja ya reli iliyonyooka. Kwenye HO, kichwa kinachomaliza mita hiyo kwa sekunde nne kinakwenda kama treni ya kilomita 80 kwa saa hivi, na hiyo yeyote anaweza. Kinachomaliza kwa dakika nzima, bila kusimama wala kushtuka, kinatembea kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka sokoni. Hapo kila kitu lazima kiwe sawa, kuanzia reli hadi brashi. Lile garimoshi langu jeusi, lililonywa mafuta ya baiskeli, lilikuwa likisimama kila baada ya shubiri moja. Jumamosi iliyopita, baada ya brashi mpya na nyumba ya gia kuoshwa mara ya tatu, lilitumia sekunde 52. Kuna mahali karibu na sentimita ya 70 bado linajivuta kidogo. Nadhani ni mkono wa kushoto.